Nilivyorudi Kilosa kwa Miguu Yangu, na Saruji Mgongoni

Mmeniuliza wengi, wengine mkiwa mmeleta uji na wengine mikono mitupu, na kila nilipoanza kusimulia mtu mmoja alicheka mahali pasipostahili, habari ikakatika. Kwa hiyo nimeiandika. Mambo ya fomu, miadi na mihuri nimeyaacha, kwani hayo kila mtu anayajua na hayamfurahishi yeyote. Nitaanza na chafya, maana bila chafya safari isingekuwapo.

Jumapili, tarehe 11 Januari 2004, saa nne asubuhi, nilikuwa uani napepeta unga wa mahindi. Nikapiga chafya moja. Mgongoni nikasikia kitu kama kijiti kikavu kinachokanyagwa. Sikuanguka. Niliketi chini taratibu, ungo mkononi, na unga haukumwagika. Tangu saa hiyo sikuweza kuinuka bila watu wawili. Picha ilionyesha kwamba pingili moja ya mgongo imebonyea kama kopo lililopitiwa na gurudumu. Mifupa yangu, walisema, imekuwa myepesi kwa umri. Nina miaka sitini na minane na sioni aibu kuitaja, ila kuvunjwa na chafya ni jambo ambalo ningependa limpate mtu mwingine.

Jumatano, tarehe 25 Februari, nilitolewa Kilosa nimelala juu ya godoro, nyuma ya pikapu. Ufunguo wa nyumba niliuacha kwa shemeji yangu Athumani, mdogo wa marehemu mume wangu. Marehemu alitumikia gangi la reli miaka thelathini na mmoja, akaniachia nyumba ya matofali ya kuchoma inayotazama barabara. Shemeji ana duka la vifaa vya ujenzi, na tangu biashara zilipofunguliwa, Kilosa kila mtu anajenga au anasema atajenga. Aliupokea ufunguo mbele ya balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kibwana, akatamka hivi: "Ukirudi kwa miguu yako, Shemeji, nitakukabidhi ufunguo mlangoni pako. Ukirudi umebebwa, utaletwa kwangu. Mke wangu atakuuguza, na nyumba tutaitafutia kazi."

Aliyasema kwa upole. Lakini mjane anayepelekwa kuuguzwa kwa shemeji yake harudi tena kwake. Hilo halikuhitaji kutamkwa. Niliyaandika maneno yake kwenye daftari nikiwa nimelala chali, na tarehe nikaiweka. Niliingia darasa la kisomo cha watu wazima tarehe 3 Februari 1975, nikiwa mama wa watoto watatu, na tangu hapo sijaacha neno muhimu lipite bila tarehe.

DAR ES SALAAM: KULALA KIFUDIFUDI

Alhamisi, tarehe 4 Machi, nilitibiwa na daktari mgeni. Nilikuwa macho, nimelazwa kifudifudi, na muuguzi alinitafsiria kila hatua kana kwamba anatangaza mpira. Sindano mbili nene ziliingia mgongoni, moja kila upande. Kijiputo kikatanuliwa ndani ya pingili kuiinua, kisha kikatolewa, na nafasi yake ikajazwa saruji ya kidaktari, laini kama uji mzito.

"Inaganda sasa," alisema muuguzi. "Subiri. Imeganda."

Hazikupita dakika kumi na tano. Jioni hiyohiyo nikasimama. Maumivu yaliyonikalia tangu Januari yalikuwa yamepungua hata nikadhani nimesahau kitu mahali. Sikushonwa. Nilibandikwa plasta mbili, kila moja kama ukucha wa kidole gumba. Daktari akaniagiza mambo matatu: nisibebe kizito, nisiiname, na kila saa moja nisimame nitembee.

"Na nikipiga chafya?"

Muuguzi akatafsiri. Daktari akacheka, akajibu kwamba pingili ile sasa ni imara. Kuhusu zile nyingine hakusema kitu, nami sikupenda kunyamaza kwake. Kuanzia siku hiyo nilitembea na leso puani kama mtu anayepita jalalani.

Binti yangu Rehema alitaka kunisindikiza hadi nyumbani. Nilimkatalia. Msindikizaji mmoja tu angetosha kumfanya Shemeji aseme nimeletwa.

UBUNGO HADI MOROGORO

Jumanne, tarehe 9 Machi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilipanda basi la Iringa. Mvua ilikuwa imeharibu njia ya Dumila, kwa hiyo ilinibidi kushukia Mikumi na kutafuta usafiri wa kwenda Kilosa kutoka huko. Kosa la Rehema lilikuwa kumwomba kondakta aniangalie na kumweleza sababu. Yule kijana alipanda ngazi na kulitangazia basi zima.

"Jamani, bi mkubwa huyu ana zege mgongoni. Mpisheni, msimguse."

Bwana aliyekuwa kiti cha pembeni yangu, mtu mnene mwenye suti, aliinuka papo hapo. Nilimwomba akae. Akaniambia kwa heshima kwamba yeye ana kilo tisini na sita, na gari likikata kona hataki lawama. Akasimama hadi Chalinze. Nyuma yangu walipanga mashuka na mikoba juu ya kiti kirefu cha mwisho, wakanitaka nilale. Nikawaambia daktari ameagiza nitembee. Mama mmoja akaniuliza kama daktari huyo amesoma.

Morogoro tulisimama kidogo. Nikanunua ndizi mbivu mbili, nikazila nikiwa nimesimama wima kando ya gari, watu wakinitazama kama mnara wa simu.

MOROGORO HADI MIKUMI: DAWA NISIYOUZA

Ndani ya mbuga tembo watano waliingia barabarani na kusimama, bila haraka na bila sababu. Dereva akazima injini. Kushuka hakuruhusiwi. Dakika arobaini zikapita, na saa yangu ya kutembea ikafika. Nikainuka, nikaanza kwenda na kurudi kwenye njia ya katikati, mkono mmoja kiunoni, mwingine na leso.

Ninyi mnaosafiri mnajua ni nani husimama katikati ya basi: muuza dawa. Mimi sikulifikiria hilo.

"Mama, dawa gani hiyo?" akauliza kijana mmoja.

"Si dawa. Natembea."

"Ni ya mgongo?"

"Mgongo ndio uliotibiwa, naam."

"Ya chupa au ya unga?"

"Ni saruji," nikajibu.

Kisha mama aliyekuwa kiti cha nne akauliza kwa sauti ya kujali, "Inachanganywa na nini?"

Niliona ni wajibu wangu kuondoa upotofu huo. Nikasimama vizuri, nikaeleza tangu mwanzo: tarehe ya chafya, nilivyoteseka, dawa za mitishamba zilizoshindwa, picha, sindano mbili, na jinsi nilivyosimama siku ileile. Nilipofika katikati nikatambua kwamba wauza dawa huanza hivyo hivyo, kwa ugonjwa wao wenyewe na tarehe zake. Nilikuwa nimechelewa kujirekebisha. Nilipomaliza, mikono saba ilikuwa juu. Mzee mmoja wa Iringa alitaka mbili, moja ya mama yake.

"Mpeleke mama yako hospitali," nikamwambia.

"Hata yule wa wiki iliyopita alianza kwa kusema hivyo," akajibu, akaendelea kuinua mkono.

Tembo wakaondoka. Nilikaa kitini nikiwa nimekasirikiwa na watu saba walioamini kwamba nawabania dawa.

MIKUMI: SIKU YA SITA

Nilishuka Mikumi saa nane na robo mchana. Basi dogo la Kilosa halikuwa limetoka kwa sababu ya tope. Nikachukua chumba katika nyumba ya wageni ya mama mmoja aitwaye Mama Neema, nyuma ya maegesho ya malori. Alinihurumia nilipomweleza habari ya mgongo, akaomba aone kidonda. Nikamwonyesha zile plasta mbili.

"Hizi tu?"

"Hizi tu."

Akazitazama tena kwa karibu. "Mama yangu, hapa umedungwa sindano. Aliyekuambia umepasuliwa amekudanganya."

Wa basini walikuwa wameamini mno, huyu hakuamini kabisa, na sijui ni kundi lipi lililonichosha zaidi. Hata hivyo aliniletea bakuli la supu ya makongoro, kwa ajili ya mifupa. Jirani yake, muuza vocha, akasikia, akaleta bakuli lake. La tatu lilitoka kwa dereva wa lori nisiyemjua hata kwa sura. Nikalinywa pia, kwa adabu.

Katika mgahawa wa nyumba hiyo ndipo nilipokutana na Fundi Chande, mwashi wa Ruhembe, mzee mwenzangu mwembamba mwenye mfuko wa vifaa begani. Alinisalimu vizuri, akakaa, akaniangalia mgongo kwa muda kama mtu anayeangalia ukuta wa jirani.

"Nimesikia umemiminiwa zege, mama. Lini?"

"Alhamisi, tarehe nne."

"Wanakumwagilia maji?"

"Maji ya nini?"

Akaweka kijiko chini. "Zege lisilomwagiliwa siku saba hupasuka. Hukauka nje, ndani likabaki bichi. Halafu linakuhadaa. Siku ukiliegemea, limekwisha."

"Daktari alisema linaganda kwa dakika chache."

"Daktari huyo amejenga nyumba ngapi?"

Fundi akahesabu kwa vidole, akasema zimebaki siku mbili. Nikamwambia ukiihesabu Alhamisi yenyewe, leo Jumanne ni siku ya sita, hivyo imebaki moja. Akasema siku ya kumimina haihesabiwi. Nikamwuliza imeandikwa wapi. Tulibishana mpaka supu ikapoa, na Mama Neema akaletwa awe mwamuzi. Akasema yeye angeanza kuhesabu siku atakayoonyeshwa kidonda.

Joto la Mikumi alasiri ile lilikuwa kali. Fundi alipoloweka khanga yangu kwenye ndoo, akaikamua na kuniomba nijifunike nayo mabegani, nilikubali kwa sababu ya joto, na nataka ieleweke hivyo.

MIKUMI HADI KILOSA: MZIGO WA NANI

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 10 Machi, Fundi alinipatia nafasi ndani ya lori lililokuwa likipeleka shehena Kilosa, alikokuwa akienda kufanya kazi. Dereva aliitwa Kalinga, mtu wa Iringa, mcheshi. Nilikaa dirishani, Fundi katikati. Nyuma kulikuwa na mifuko mia mbili ya saruji na wapagazi wawili juu yake. Kila tulipoingia shimo, vumbi la kijivu lilipenya ndani, nami niliibana pua mpaka machozi yakanitoka.

"Mama analia," alisema Kalinga.

"Hapana. Sipigi chafya."

Alinitazama kidogo, akarudisha macho barabarani. Tulipovuka mto wa kwanza, nikamwuliza kwa mazungumzo tu mzigo ni wa nani.

"Wa Mzee Athumani wa vifaa vya ujenzi. Zamani alikuwa anaagiza mifuko hamsini, hana pa kuweka. Sasa amepata stoo kubwa, iko barabarani kabisa."

"Stoo gani?"

"Nyumba ya shemeji yake, mjane. Amevunjika mgongo huko, masikini. Wanasema hatasimama tena. Mzee anasema ni heri nyumba ifanye kazi kuliko kufugia popo."

Nilitazama miwa na mashamba ya mahindi yakipita. Sikumwambia mimi ni nani. Mkono wa Fundi Chande, uliokuwa ukielekea kwenye chupa ya maji ili anilowanishie khanga, ulisimama njiani. Alikuwa amenisikia jana nikimtaja shemeji yangu kwa jina.

"Leo hatumwagilii," akasema polepole. "Leo likauke."

Saa sita mchana lori lilizama katika tope la bonde moja, magurudumu ya nyuma yote mawili. Hapo nilijikuta katika hali ambayo sijui niiite nini. Lori likinasa hadi kesho, saruji haiingii nyumbani kwangu, lakini nami sifiki. Likinasuka, tunafika pamoja. Na nikiacha litangulie, nitakuta mifuko mia mbili kitandani pangu. Nikasimama kando ya barabara, nikawahimiza wapagazi washushe mifuko upesi, wasukume upesi, wapakie upesi, mzigo ufike kabla ya jioni.

"Mama huyu Mzee Athumani angemwajiri," alisema Kalinga, akipangusa jasho.

Kuvuka tope lenyewe lilikuwa suala jingine. Wapagazi walishikana mikono wakatengeneza kiti, wakaniomba nikalie. Nikakataa. Wakaleta turubai wanibebe ndani yake, wakisema ndivyo abebwavyo mtoto wa mbuni, sijui waliwahi kumwona wapi. Nikakataa. Nikachukua fimbo, nikavua ndara, nikapita hatua moja baada ya nyingine, tope likinifika katikati ya muundi, na Fundi akinifuata nyuma akisema, "Wima, mama. Wima. Usiiname." Nilihesabu hatua hamsini na nane. Ng'ambo, wanawake wa wafugaji waliokuwa wakipumzika kivulini walinipa kibuyu cha maziwa ya mgando, bila kuniuliza chochote kuhusu mgongo. Nawakumbuka kwa shukrani.

KILOSA: MLANGONI

Tuliingia saa kumi na moja na nusu jioni, wingu jeusi likiwa limeshikilia juu ya reli. Mlango wangu ulikuwa wazi. Vyombo vyangu vilikuwa vimepangwa barazani kwa unadhifu: kabati, cherehani, kitanda kimesimamishwa ukutani, na juu ya yote daftari zangu, zimefungwa kamba. Shemeji alikuwa ukumbini anaweka mbao za kupangia mifuko. Nje palikuwa na Balozi Kibwana na wateja watatu waliokuwa wakisubiri saruji.

"Karibuni, wahini kushusha, mvua hiyo," Shemeji alisema, akitoka. Kisha akaniona nikishuka kinyumenyume kutoka kwenye lori, mguu mmoja ukiitafuta ardhi. Kalinga alinyoosha mikono anidake. Fundi akamzuia.

Ardhi niliipata. Nikageuka, nikawasalimu wote kwa zamu.

"Shemeji," akasema Athumani. "Umeletwa na gari langu."

"Gari huleta kila mtu. Wewe ulisema kwa miguu yangu, mbele ya balozi, tarehe 25 Februari. Miguu ndiyo hii, ina tope la kutosha."

Mzee Kibwana akakohoa. "Alisema hivyo. Nilikuwapo."

"Sikatai," Shemeji akasema, na nitamtendea haki: sauti yake haikuwa ya hila. "Lakini mimi ndiye niliyekuinua siku ile na ungo wako. Leo umesimama. Kesho utapiga chafya nyingine, uko peke yako ndani, nani atakuokota? Wanasema wamekutia saruji. Saruji gani hiyo, mahali padogo hivyo?"

"Unauza saruji, Shemeji. Inashika au haishiki?"

Wateja watatu wakamtazama, wakingoja jibu.

Mmoja wa wapagazi, ambaye hakuwa akifuatilia mazungumzo, alivuta mfuko wa kwanza kutoka juu. Ulikuwa na tundu. Wingu la vumbi likashuka baina yetu. Nikaibana pua. Nikatazama juu, nikauma ulimi, nikafanya yote niliyoyafanya tangu asubuhi, na nikajua kwamba safari hii haizuiliki. Nikaiachia pua, nikashika fimbo kwa mikono miwili.

Nilipiga chafya ambayo kuku wa jirani waliikimbia.

Hakuna aliyesogea. Nami sikusogea, nilikuwa nasikiliza ndani, pingili kwa pingili, kama mtu anayesikiliza nyumba baada ya radi. Kijiti hakikuvunjika. Nyuma yangu Fundi Chande alikuwa amekwisha kutoa timazi yake mfukoni. Aliinyoosha juu kwa uzi, karibu na kisogo changu bila kunigusa, kile chuma kikining'inia kuelekea ardhini, akafumba jicho moja.

"Limenyooka," akatangaza. "Halina ufa. Na siku saba zimetimia leo."

"Alhamdulillahi," nikasema, kama inavyompasa aliyepiga chafya.

Anayesikia hupaswa kuitikia, lakini watu wote walikuwa wameshikwa na bumbuwazi. Ni Shemeji aliyekumbuka. Akaniombea rehema ya Mungu, kwa sauti ndogo. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaufuta vumbi kwa kanzu yake na kuuweka kiganjani pangu.

Niliwaomba wapagazi warudishe kwanza kitanda, cherehani na daftari. Wakarudisha. Nikaingia, nikaufunga mlango kwa ndani, nikasimama gizani katika ukumbi wangu unaonuka mbao mpya. Matone ya kwanza yakagonga bati. Nje nilisikia turubai likivutwa, Kalinga akisema halitoshi kufunika hata nusu, na wateja wakiulizana kama wangoje au waende.

Kisha mtu akagonga.

"Hodi," Shemeji alisema, katika mlango aliokuwa akiufungua mwenyewe kwa wiki mbili. "Hodi, Shemeji. Nakuomba sehemu ya kuhifadhi mzigo."

Nikaweka fimbo pembeni ili anitupiapo macho anione bila kitu mkononi, na nikaufungua mlango.

"Karibu," nikamwambia. "Ukumbini tu. Hadi Ijumaa, tarehe 12 Machi, saa sita mchana."